Walezi wa Kutu

Mgeni anayetembelea kituo cha kufua umeme kwa mvuke hupelekwa kwanza kwenye turbaini. Huonyeshwa urefu wake, huambiwa kwamba mhimili wake unazunguka mara 3,000 kwa dakika, na akitaka huruhusiwa kuweka kiganja kwenye sakafu ausikie mtetemo. Kutoka hapo ni chumba cha udhibiti chenye skrini nyingi, kisha picha ya pamoja, kisha chai. Ni nadra sana apelekwe kwenye chumba cha sampuli.

Chumba hicho hakina la kumpendeza mpiga picha. Ukutani yamepangwa mabomba membamba ya chuma cha pua, kila moja na kibao chake: maji ya kulisha boila, maji ya ndani ya boila, mvuke, maji yanayotoka kondensa. Mvuke ulioiacha boila ukiwa na zaidi ya nyuzi joto 500 za sentigredi unafika hapa ukiwa umepozwa, umekuwa maji ya nyuzi 25, unapita taratibu kwenye vipimo na kuishia kwenye sinki. Mtiririko huo haukatizwi usiku wala mchana. Mkemia wa zamu huusoma, huandika, huongeza amonia kidogo au huipunguza, kisha huandika tena. Hapo ndipo umri wa kituo kizima unapoamuliwa.

Watu wengi, hata wahandisi wa fani nyingine, hudhani kazi ya mkemia huyu ni kuzuia kutu. Dhana hiyo haiko mbali na ukweli, lakini inaukosa moyo wa kazi. Chuma kikikutana na maji ya moto hakina budi kupata kutu, na hakuna dawa ya kukiepusha na hilo. Linalowezekana ni kuchagua: kutu ya aina gani imee, iwe na unene gani, ishike chuma kwa nguvu gani, na isichubuliwe na nini. Boila huishi miaka 40 kwa sababu imevaa kutu nzuri, na kuna mtu aliyeilea kutu hiyo kila siku.

Tuanze na maji yenyewe. Kila nyumba inayochemsha maji ya kisima cha pwani inaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ndani ya birika ukoko huo ni kero ndogo; moto unachelewa kidogo, chai inachelewa kidogo. Ndani ya boila, ambako mwali uko upande mmoja wa bomba na maji upande wa pili, ukoko wa aina hiyo hulinyima bomba ubaridi wa maji. Chuma hupata joto kuliko kilivyosanifiwa kulistahimili, hulegea, huvimba, hupasuka. Kwa hiyo maji ya boila hayachujwi tu. Hupitishwa kwenye matangi ya rezini ambazo hunyakua ayoni za kalisi, magnesi, sodiamu, kloridi, salfeti na silika, na kuacha karibu maji matupu. Usafi wake hupimwa kwa namna yanavyopitisha umeme. Maji safi kabisa, katika nyuzi 25, hupitisha microsiemens 0.055 tu kwa sentimita. Hapo hakuna chumvi iliyobaki. Hizo ni ayoni za maji yenyewe, na hakuna mashine inayoweza kwenda chini ya hapo.

Lakini maji matupu kiasi hicho si rafiki wa chuma. Yakigusa hewa hunywa kaboni dayoksaidi mara moja na kuwa asidi dhaifu, na kwa kuwa hayana kitu kingine ndani yake cha kuipinga asidi hiyo, pH yake huporomoka kutoka 7 hadi chini ya 6. Asidi kidogo, joto jingi, chuma tele: huo ni mwaliko wa maangamizi. Ndiyo maana baada ya kuhangaika kuondoa kila kitu majini, mkemia huanza kurudisha kitu kimoja kwa makusudi. Mara nyingi ni amonia, kidogo tu, ya kuipandisha pH ifike kati ya 9.2 na 9.8. Amonia imechaguliwa kwa sababu huruka pamoja na mvuke na kurudi pamoja na maji, hivyo inalinda mzunguko mzima wala haiachi mabaki magumu njiani.

Katika maji hayo yaliyotengenezwa, chuma kinaanza kujivika. Chembe tatu za chuma hukutana na molekuli nne za maji, huchukua oksijeni iliyomo ndani ya maji yenyewe, na haidrojeni hutoka. Kinachobaki ni magnetaiti, kutu nyeusi inayovutwa na sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Waingereza, Potter na Mann, walionyesha kwamba utando huo mara nyingi una tabaka mbili. Magnetaiti huchukua nafasi karibu mara mbili ya ile iliyokuwa ya chuma kilichoizaa. Kwa hiyo karibu nusu ya chuma kilichoathirika hugeuka palepale kilipokuwa na kuijaza nafasi yake barabara, bila ufa. Nusu nyingine hupenya nje na kuganda juu yake kama fuwele. Tabaka la ndani limebana, la nje limelegea. La ndani likikamilika, maji hulazimika kupenya kwenye vinyweleo vyembamba mno kabla ya kukifikia chuma, na kasi ya kuliwa hushuka hadi kiasi ambacho mtu anaweza kuishi nacho kwa miongo.

Unene wa utando huo mzuri huhesabiwa kwa mikromita, yaani elfu za milimita. Kituo chote, pamoja na mabilioni ya shilingi yaliyomo, kimesimama juu ya kitu chembamba kuliko karatasi. Na kitu hicho hakiwekwi mara moja kikaachwa. Kila siku huyeyuka kidogo na kujijenga kidogo. Mkemia hawezi kukigusa wala kukiona. Anaweza tu kuyatawala maji yanayokigusa.

Ili kuyatawala lazima ayapime, na hapa ndipo ufundi wenyewe unapoanza kumstaajabisha mtu. Katika kazi hii vitu vingi huhesabiwa kwa sehemu katika bilioni. Sehemu moja katika bilioni ni gramu moja ya uchafu katika tani elfu moja za maji. Anayesikia kipimo hicho kwa mara ya kwanza hucheka, maana kinaonekana ni kitu cha kudharauliwa. Tufanye hesabu. Kituo cha makaa ya mawe cha megawati 500 kinaweza kupitisha takriban tani 1,600 za mvuke kwa saa. Maji yanayolisha boila yakiwa na chuma sehemu 10 katika bilioni, hizo ni gramu 16 kwa saa. Kituo kikifanya kazi saa 8,000 kwa mwaka, boila itakuwa imepokea karibu kilo 128 za chuma, kikiwa kutu iliyosafiri kutoka kwenye mabomba mengine. Maji huondoka yakiwa mvuke. Kutu hubaki, na hujipanga mahali palepale penye joto kali zaidi. Ukiishusha namba hiyo kutoka 10 hadi 1, mzigo wa mwaka unakuwa chini ya kilo 13. Tofauti kati ya boila inayooshwa kwa asidi kila baada ya miaka michache na ile inayokaa muda mrefu bila kuoshwa iko katika tarakimu hiyo moja.

Kupima kitu kidogo hivyo kunadai nidhamu ambayo haimo kwenye mashine. Chembe za kutu hushikamana na kuta za bomba la sampuli, kisha huachia kwa kishindo vali inapoguswa. Fundi mzoefu haongezi mtiririko halafu akakinga maji hapohapo; huuacha mtiririko uleule kwa muda mrefu hadi kile kinachoshikamana na kile kinachoachia vilingane. Hatumii chupa ya kioo kwa silika na sodiamu, kwa kuwa kioo chenyewe huyatoa yote mawili. Hutumia ya plastiki, iliyosuuzwa kwa maji yaleyale mara kadhaa. Haingizi kidole mdomoni mwa chupa, maana jasho la binadamu lina chumvi ya kutosha kuharibu kipimo cha siku nzima. Mwanagenzi huambiwa haya yote katika wiki ya kwanza, lakini huyaamini siku anapoona matokeo mawili ya maji yaleyale yanatofautiana mara kumi.

Kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho bado hakijastaafu. Lita moja ya maji hupitishwa kwenye kichujio cha duara chenye vitundu vya mikromita 0.45, kisha doa linalobaki hulinganishwa na jedwali la rangi. Doa jeusi ni magnetaiti. Doa jekundu ni kutu ya hewa, ishara kwamba kuna mahali oksijeni imeingia au kwamba kituo kilisimama bila kutunzwa vizuri. Baada ya kituo kuwashwa tena, doa la kwanza huwa zito, la saa chache baadaye huwa la kijivu, na baadaye karatasi huanza kuonekana. Vipo vipimo vya kisasa vinavyotoa namba kila dakika. Hata hivyo wakemia wengi hupenda kuliona doa kwa macho yao kabla ya kukubali mzigo uongezwe.

Kipimo kizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kile kilichotokana na kazi ya Wamarekani wawili, Larson na Lane, katikati ya karne ya 20. Tatizo lilikuwa hili: amonia iliyotiwa kwa makusudi hupitisha umeme, na sauti yake huimeza sauti ya chumvi kidogo inayotafutwa. Dawa yao ni kuyapitisha maji ya sampuli kwenye safu ndogo ya rezini inayonyakua ayoni chanya zote na kurudisha haidrojeni mahali pake. Amonia hutoweka, kwa kuwa kinachobaki baada yake ni maji. Chumvi haitoweki, sodiamu kloridi hugeuka kuwa asidi ya haidrokloriki, na kwa kuwa ayoni ya haidrojeni hupitisha umeme mara saba zaidi ya ile ya sodiamu, kila chembe ya chumvi sasa inasikika zaidi ya mara tatu ya awali. Kwa mpango mmoja mdogo, kisichotakiwa kinanyamazishwa na kinachotakiwa kinapaziwa sauti. Rezini hutiwa rangi inayobadilika inapochoka, ili fundi apitaye aone kwa jicho moja kama safu bado ina uhai.

Umuhimu wa kipimo hicho huonekana kondensa inapovuja. Kondensa ni chombo kinachoupoza mvuke uliotoka kwenye turbaini urudi kuwa maji. Ndani yake mna mabomba membamba kwa maelfu, katika vituo vikubwa makumi ya maelfu, na ndani ya mabomba hayo hupita maji ya kupozea, pengine ya mto, pengine ya bahari. Upande wa mvuke hauna hewa, kwa hiyo ufa wowote hunyonya maji machafu kuingia ndani. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi katika kila kilo. Lita moja tu ya maji hayo kwa saa, ikichanganyika na zile tani 1,600, huipandisha kloridi hadi karibu sehemu 12 katika bilioni, na vituo vingi vya kisasa hutaka mvuke usiozidi 2. Ni lita moja kwa saa, katika msitu wa mabomba.

Namna ya kuutafuta ufa huo ni elimu ya mikono. Wapo mafundi waliotupa unga wa mbao kwenye maji ya kupozea ili unyonywe na kuziba tundu kwa muda, wakajipatia saa chache za kufika usiku wa manane mahitaji ya umeme yanaposhuka. Wapo wanaopaka povu kwenye bamba linaloshika ncha za mabomba, kisha wanakaa kutazama. Povu likimezwa mahali fulani, bomba lile ndilo. Siku hizi hutumika gesi ya heli na kipimo cha kuinusa. Bomba bovu hupigwa kizibo ncha zote mbili, na kazi inaendelea.

Haraka hiyo ina sababu. Kloridi ikifika kwenye boila hujificha chini ya mabaki ya kutu yaliyoganda kwenye mabomba, mahali maji yanapochemka na kuacha kila kilichomo. Huko chini hujirundika mara maelfu na kutengeneza asidi. Asidi hula chuma na kutoa haidrojeni, ambayo ni ndogo kiasi cha kuingia ndani ya chuma chenyewe. Humo hukutana na kaboni ya chuma na kuunda methani. Methani ni kubwa, haiwezi kutoka ilikoingilia mama yake, hivyo hujikusanya na kuzitenganisha chembe za chuma kutoka ndani. Bomba halionyeshi kukonda. Kipimo cha unene husema liko salama. Kisha siku moja kipande kizima hung'oka, na pengo linalobaki lina kingo nene zilizokatika wima. Anayeliona pengo la namna hiyo hahitaji maabara. Anajua kwamba miezi au miaka iliyopita kuna kondensa iliyovuja na mtu aliyeamua kusubiri.

Hadi hapa kisa kinaonekana chepesi: ondoa uchafu, ondoa hewa, pandisha pH. Kwa miongo mingi hivyo ndivyo fani ilivyofundishwa, na adui namba moja alikuwa oksijeni. Maji yaliyokaa hewani katika nyuzi 25 yana oksijeni karibu sehemu milioni 8 katika kila trilioni, au sehemu 8,000 katika bilioni; maji ya boila yalitakiwa yasizidi 7. Kwanza yalichemshwa katika chombo cha kutoa hewa, kisha mabaki ya oksijeni yaliwindwa kwa haidrazini, kemikali kali ambayo Wajerumani waliitumia kuendeshea ndege zao za roketi katika Vita Kuu ya Pili. Kadiri oksijeni ilivyopungua, ndivyo mkemia alivyolala kwa amani.

Amani hiyo ilikuwa na kasoro. Magnetaiti haiyeyuki kwa kiwango kilekile katika kila joto. Katika maji yasiyo na oksijeni huyeyuka zaidi karibu na nyuzi 150. Maji yakipita hapo kwa kasi, hasa kwenye kona, baada ya vali, au baada ya bamba la kupimia mtiririko ambako yanazunguka kwa ghasia, hubeba utando haraka kuliko chuma kinavyoweza kuujenga upya. Chuma hujivika, huvuliwa, hujivika, huvuliwa, na kila mara hutoa sehemu ya mwili wake. Bomba hukonda kutoka ndani huku nje likiwa limepakwa rangi na kufunikwa vizuri. Ukilikata utaona uso wenye vishimo vya umbo la kwato, vyote vimeelekea upande mmoja, ule ambao maji yalikuwa yakienda. Kikulacho, Waswahili walishasema, ki nguoni mwako.

Tarehe 9 Desemba 1986, katika kituo cha nyuklia cha Surry, jimbo la Virginia huko Marekani, kona ya bomba la maji ya kulisha lenye kipenyo cha inchi 18 ilipasuka. Maji hayo hayakuwa na mnururisho. Yalikuwa maji ya kawaida ya upande wa turbaini, ila ya moto na yenye mgandamizo, na yalipotoka yaligeuka mvuke papo hapo. Watu wanane waliungua, wanne wakafariki. Miaka 18 baadaye, tarehe 9 Agosti 2004, bomba la aina hiyohiyo lilipasuka katika kituo cha Mihama nchini Japani, chini kidogo ya bamba la kupimia mtiririko. Lilikuwa limewekwa likiwa na unene wa milimita 10. Lilipopasuka, sehemu iliyokonda zaidi ilikuwa imebaki chini ya milimita 1.5. Mahali hapo palikuwa pamesahauliwa katika orodha ya ukaguzi, na bomba lilikuwa kazini tangu 1976. Waliungua watu 11, na watano walikufa.

Kinachofikirisha ni kwamba katika mabomba hayo hakuna aliyemwaga asidi wala kuingiza chumvi. Ukondaji wa aina hii hutokea hasa katika maji safi, na kadiri maji yanavyonyimwa oksijeni ndivyo unavyokolea. Haidrazini iliyotiwa kwa wingi, kwa nia njema, huuchochea. Wasanifu wana kinga yao: chuma chenye kromiamu hata sehemu ya kumi ya asilimia hukonda polepole zaidi, na chenye zaidi ya asilimia 1 huwa salama kabisa au karibu na hapo. Ila bomba likishajengwa, kilichobaki mikononi mwa mkemia ni maji.

Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lilikuwa kinyume cha kila kilichofundishwa: ongeza oksijeni. Wakemia wa vituo vyenye boila zisizo na pipa la kutenganishia mvuke walianza kupuliza oksijeni ndani ya maji ya kulisha, na katika taratibu zilizotulia baadaye kiasi chake huwa kama sehemu 30 hadi 150 katika bilioni. Oksijeni hiyo hupenya kwenye vinyweleo vya magnetaiti na kuviziba kwa oksidi nyingine, nyekundu, ambayo karibu haiyeyuki. Chuma kinachosafiri majini hushuka kutoka sehemu kadhaa katika bilioni hadi chini ya moja au mbili. Fundi akichungulia ndani ya bomba lililofunguliwa na kuona wekundu uliotulia, hufurahi. Akiona weusi unaong'aa mahali pa kona, huita wenye vipimo vya unene.

Sharti la ruhusa hiyo ni moja na halina msamaha. Maji lazima yawe safi kupita yale ya zamani, na kipimo cha Larson na Lane kiwe chini ya microsiemens 0.15. Chumvi ikiwepo, oksijeni ileile iliyokuwa ikiziba vinyweleo hugeuka na kuchimba mashimo. Basi oksijeni haikuwa adui wala rafiki kwa asili yake. Tabia yake iliamuliwa na jirani zake majini, na kizazi kizima cha wataalamu kilipaswa kukubali kwamba kanuni yao ilikuwa ya kweli katika maji ya enzi yao tu. Mtu akiniuliza ni nini hasa ninachokistahi katika ufundi huu, nitamtajia badiliko hilo kabla ya kipimo chochote.

Hata hivyo kanuni mpya haikufuta ya zamani kila mahali. Viko vituo ambavyo hita za maji ya kulisha zina mabomba ya aloi za shaba. Shaba huogopa amonia ikiwa pamoja na oksijeni; huyeyuka, husafiri na mvuke, na kuganda kwenye visu vya turbaini. Chuma kinataka pH ya 9.5, shaba inataka 9 au zaidi kidogo. Mkemia wa kituo cha namna hiyo hukaa katikati, akijua kwamba kila siku anamnyima kila mmoja sehemu ya haki yake, na bado hulazimika kuendelea kuiwinda oksijeni kwa njia ya zamani.

Afrika Mashariki tunao wakemia wa maji wanaopambana na hali nyingine tena. Katika Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Naivasha, vituo vya Olkaria hutumia mvuke wa jotoardhi. Kitengo cha kwanza, cha megawati 15, kilianza mwaka 1981, na leo zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya hutoka ardhini. Huko hakuna anayechagua maji. Yanatoka kwenye miamba yenye zaidi ya nyuzi 300 yakiwa na silika iliyoyeyuka, kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi, na mkemia hupokea alichopewa. Silika ndiyo shughuli kubwa. Maji yanapopanda na kugeuka mvuke, yanayobaki hupoa na kushindwa kuibeba silika yake, nayo huganda mithili ya kioo kwenye mabomba na visima vya kurudishia maji. Hivyo mgandamizo wa kutenganishia mvuke huchaguliwa kwa hesabu, usiwe wa chini mno, na maji hurudishwa ardhini yangali moto kabla silika haijapata nafasi.

Na hata huko, chuma cha kawaida huishi kwa kuvaa. Haidrojeni salfaidi hukijengea utando wa salfaidi ya chuma, nao hukilinda vizuri ilimradi hewa isiingie. Hewa ikipenya, kwa mfano kituo kinaposimama, utando huharibika na mashimo huanza. Shaba haina kinga hiyo kabisa; ndiyo maana nyaya na swichi katika vituo vya jotoardhi hufichwa kwenye vyumba vyenye hewa iliyochujwa.

Dar es Salaam, kituo cha Kinyerezi II chenye uwezo wa takriban megawati 240 hutumia gesi asilia, kisha joto linalotoka kwenye turbaini za gesi hupikia mvuke. Boila za aina hiyo, popote duniani, huwa na sehemu ya mgandamizo mdogo inayofanya kazi karibu na nyuzi 150, palepale ambapo magnetaiti huyeyuka zaidi. Nazo huwashwa na kuzimwa mara nyingi kuliko boila za makaa. Kila kuzimwa ni nafasi ya hewa kuingia kwenye bomba lenye unyevu, na mashimo mengi yanayolaumiwa kwa uendeshaji huanza wakati hakuna kinachoendeshwa. Kwa hiyo boila inayolala siku nyingi hujazwa gesi ya naitrojeni, au hupulizwa hewa iliyokaushwa. Kuitunza mashine isiyozalisha hata shilingi ni sehemu ya kazi ambayo wahasibu huielewa kwa shida.

Kwa kuwa shida hiyo ya kueleweka ni ya kudumu, fani imejitungia ngazi za tahadhari. Kipimo kikivuka mpaka wa kwanza, kituo kina wiki moja ya kurekebisha. Kikivuka wa pili, saa 24. Wa tatu, saa nne. Na pH ya boila ikishuka chini ya 8 huku bado inaporomoka, moto huzimwa papo hapo. Ngazi hizi ni kemia, lakini pia ni ulinzi wa mtu. Mkemia anayempigia simu meneja saa mbili usiku, miji ikiwa imewasha taa zote, kumwambia zima, anahitaji karatasi iliyotiwa saini zamani, siku ambayo hakuna aliyekuwa na haraka.

Hukumu ya kazi yake yote huja kituo kinapofungwa kwa matengenezo makubwa. Mafundi hukata kipande cha bomba mahali penye joto kali kuliko pote, hukipasua kwa urefu, huyaondoa mabaki upande uliotazama moto na kuyapima uzito kwa kila sentimita ya mraba. Chini ya hadubini hutazama utando: umebana au umepasuka, una tabaka ngapi, kuna shaba ndani yake, kuna mstari unaoonyesha mwezi ambao kondensa ilivuja. Miaka mitatu ya madaftari inalinganishwa na kipande cha urefu wa mkono. Kisha hufanywa uamuzi ambao kwa mtu wa nje ni mdogo mno: pH ipandishwe kutoka 9.4 hadi 9.6, haidrazini iachwe, kona mbili ziongezwe kwenye orodha ya ukaguzi. Kituo huwashwa, sampuli zinaanza kutiririka, na kama uamuzi ulikuwa sahihi litajibu bomba lijalo litakapokatwa.